Gigabaiti Moja ya Kiini: Jinsi Linux Ilivyojifunza Kubeba Kumbukumbu Kubwa

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wasimamizi wa seva za Linux walianza kukutana na tatizo lisiloingia akilini. Seva ina kumbukumbu ya GB 16. Taarifa za mfumo zinaonyesha kwamba gigabaiti kadhaa kati ya hizo ziko wazi. Lakini kiini cha mfumo endeshi kinatangaza kuwa kumbukumbu imekwisha, kisha kinaanza kuua programu, na mara nyingi inayouawa ni hifadhidata ileile ambayo seva ilinunuliwa kwa ajili yake. Waliokimbilia kuongeza kumbukumbu waliona ajabu kubwa zaidi: kila walivyoongeza, ndivyo seva ilivyozidi kukaribia kuanguka.

Chanzo hakikuwa ubovu wa kifaa wala uzembe wa msimamizi. Kilikuwa mgawo uliofanywa zamani, wakati kompyuta ya mezani ilikuwa na megabaiti chache tu. Namna mgawo huo ulivyogeuka kizuizi, na namna wahandisi walivyohangaika kuuzunguka, ni historia inayomhusu kila anayesanidi seva hadi leo. Inafundisha kwamba kumbukumbu yenye manufaa ni ile tu ambayo kiini kina nafasi ya kuitunzia hesabu. Kununua nyingi ni rahisi; kuihesabu ndiko kulikowatoa watu jasho.

Tuanzie mwaka 1985. Mwezi Oktoba mwaka huo Intel ilitangaza prosesa ya 80386, ya kwanza katika ukoo wake kutumia anwani za biti 32. Biti 32 zinatosha kutaja baiti 4,294,967,296, yaani GB 4. Prosesa hiyo ilikuja pia na uwezo wa kurasa: kumbukumbu inakatwa vipande vya KB 4, na kila programu inapewa anwani pepe, ambazo si mahali halisi kwenye chipu za kumbukumbu. Kila programu inapogusa anwani, prosesa hutazama majedwali ya kurasa ili kujua anwani pepe ile inaelekea ukurasa upi halisi. Kwa kuwa kusoma majedwali kila mara kungechosha mashine, prosesa huweka tafsiri za karibuni katika kache ndogo iliyo ndani yake. Kache hiyo ndogo itaamua mambo mengi katika historia hii.

Januari 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aitwaye Linus Torvalds alinunua kompyuta yenye prosesa ya 386 na kumbukumbu ya MB 4. Agosti mwaka huo alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi. Kiini cha Linux kilipokomaa, kilifuata mpango ufuatao kwenye mashine za aina hiyo: eneo lote la anwani pepe la GB 4 likagawanywa, GB 3 za chini zikawa za programu, na GB 1 ya juu ikawa ya kiini. Kiini kilikaa ndani ya eneo la kila programu, kikilindwa kisiguswe. Faida yake ilikuwa kasi. Programu inapoomba huduma, tuseme kusoma faili, prosesa inaingia kwenye kiini bila kubadili majedwali ya kurasa na bila kufuta kache ya tafsiri. Windows NT nayo iligawa eneo hilohilo, ila kwa nusu kwa nusu.

Katika GB 1 yake, kiini kilijiwekea utaratibu mwepesi sana: kumbukumbu halisi yote iliunganishwa humo moja kwa moja, mfululizo, ili kupata anwani ya ukurasa wowote kuwe ni hesabu ya kujumlisha tu. Kiasi cha MB 128 kilitengwa kwa mahitaji mengine, kama vile vifaa na maeneo ya muda. Zilizobaki zilikuwa MB 896. Kwa mtu mwenye MB 4, hiyo ilikuwa nafasi ya kuanzia asubuhi hadi magharibi. Hakuna aliyeona ukuta ukijengwa.

Ukuta ulianza kuonekana Linux ilipoingia kazini. Mwaka 1998 kampuni ya Oracle ilitangaza kuwa hifadhidata yake itafanya kazi kwenye Linux. Makampuni yaliyokuwa yakitumia mashine ghali za Unix yaliona kwamba seva yenye prosesa za Intel ingefanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo. Na hifadhidata ina hulka moja: kila inachokihifadhi kwenye kumbukumbu ni safari moja ya diski iliyookolewa, kwa hiyo haitosheki. Wateja walianza kuuliza kuhusu GB 2, GB 4, hata zaidi.

Vifaa tayari vilikuwapo. Novemba 1995 Intel ilitoa Pentium Pro, prosesa yenye nyongeza iitwayo PAE, iliyopanua anwani halisi hadi biti 36. Seva iliweza sasa kubeba GB 64. Lakini hapa ndipo penye kitovu cha mkasa mzima: kilichopanuliwa kilikuwa anwani halisi peke yake. Anwani pepe, zile ambazo programu na kiini vinazitumia kutaja vitu, zilibaki biti 32. Mashine ikawa na kumbukumbu ambayo haiwezi kuitaja yote kwa wakati mmoja.

Kiini cha 2.2, kilichotoka Januari 1999, kilimpa mwenye seva kubwa chaguo la kusanidi mgawo kwa kumbukumbu halisi ya GB 1 au GB 2. Aliyechukua GB 2 alizipokonya programu sehemu ya eneo lao la anwani. Torvalds mwenyewe mwaka huo alishikilia kwamba Linux ya biti 32 isivuke GB 2: anayehitaji zaidi atafute mashine ya biti 64, kama zile za Alpha ambazo Linux ilikuwa imeshahamia. Kiuhandisi alikuwa na hoja nzito, maana alijua gharama ya kuingiza ndani ya kiini kumbukumbu ya daraja la pili. Soko halikumsubiri. Wahandisi wa kampuni za Siemens na SuSE walikuwa tayari na kiraka kilichozifikia kurasa zilizo nje ya eneo la kiini, na kabla mwaka haujaisha Ingo Molnar, mhandisi kutoka Hungaria, aliiendeleza kazi hiyo hadi kufikia GB 64 kwa kutumia PAE. Torvalds aliipokea katika mfululizo wa majaribio wa 2.3.

Kiini cha 2.4 kilipotoka tarehe 4 Januari 2001, aliyekisanidi kwa prosesa za Intel alikutana na swali lenye majibu matatu: asitumie kumbukumbu ya juu kabisa, atumie hadi GB 4, au atumie hadi GB 64. Jibu la tatu liliwasha PAE, na kila ingizo la jedwali la kurasa likaongezeka kutoka baiti 4 hadi baiti 8. Aliyelichagua bila kulihitaji alilipa gharama bila kupata faida.

Kumbukumbu halisi sasa iligawanyika katika kanda tatu. MB 16 za kwanza zilikuwa za vifaa vya zamani visivyoweza kufikia mbali zaidi. Kutoka hapo hadi MB 896 ilikuwa kanda ya kawaida, ambayo kiini kinaiona muda wote. Yote iliyobaki, iwe GB 3 au GB 63, iliitwa kumbukumbu ya juu. Kiini hakikuiona mpaka kifungue dirisha dogo la muda, kilete ukurasa mmoja kwenye eneo lake, kiushughulikie, kisha kilifunge dirisha. Data za programu zingeweza kukaa huko juu bila shida, kwa kuwa programu ina majedwali yake. Lakini takriban kila kitu ambacho kiini chenyewe kilihitaji kukishika mkononi, yaani orodha za faili, rekodi za michakato na maelezo ya mtandao, kilipaswa kukaa chini, ndani ya zile MB 896.

Mfikirie karani wa ghala mwenye ofisi ya chumba kimoja, anayeandika mstari mmoja daftarini kwa kila gunia. Ghala likipanuliwa mara kumi, magunia yanapata pa kukaa, lakini madaftari yanaongezeka mara kumi ndani ya chumba kilekile, mpaka karani mwenyewe anakosa pa kuweka kiti. Ndivyo ilivyokuwa kwa kiini. Kila ukurasa halisi wa KB 4 una rekodi yake inayosema nani anautumia na uko katika hali gani. Seva ya GB 64 ina kurasa 16,777,216. Rekodi moja ikiwa na baiti 32 tu, rekodi zote zinakula MB 512. Ikiwa na baiti 44, zinakula MB 704 kati ya MB 896 zilizopo, kabla programu hata moja haijaanza. Hilo ndilo jibu la fumbo la wasimamizi: kumbukumbu iliyokwisha ilikuwa ya chini, na kila gigabaiti iliyoongezwa juu ilipunguza nafasi ya chini.

Rekodi za kurasa hazikuwa mlaji pekee. Hifadhidata kubwa huendesha michakato mingi inayoshirikiana eneo moja la kumbukumbu. Chukua eneo la GB 2 linaloshirikiwa na michakato 1,000. Data ni moja, lakini kila mchakato una majedwali yake ya kurasa. GB 2 ni kurasa 524,288, na kila moja inahitaji baiti 8 jedwalini chini ya PAE, yaani MB 4 kwa mchakato. Zidisha kwa 1,000, unapata takriban GB 4 za majedwali peke yake, zinazotakiwa kukaa mahali penye MB 896. Diski nazo zilikuwa na lao. Madereva mengi hayakuweza kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya juu, kwa hiyo data ilinakiliwa kwanza chini ndipo ipelekwe. Kunakili kukala muda wa prosesa, na nakala zenyewe zikala nafasi adimu.

Mwaka 2001 ukawa mgumu kwa Linux. Sehemu ya 2.4 inayoamua ukurasa gani uondolewe kumbukumbu inapojaa ilikuwa imejengwa na Rik van Riel, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Brazili katika kampuni ya Conectiva. Watumiaji wa seva kubwa walilalamika kwamba mashine zao zinakwama. Septemba mwaka huo, katika toleo la 2.4.10, Torvalds aliing'oa sehemu hiyo na kuweka ile iliyoandikwa na Andrea Arcangeli, Mwitaliano wa SuSE. Kubadili moyo wa usimamizi wa kumbukumbu katikati ya mfululizo uliotangazwa kuwa imara kulizua mabishano makali. Alan Cox, aliyetunza tawi lake la kiini, aliendelea kwa muda na kazi ya van Riel. Van Riel na Arcangeli wote wawili walikuwa wahandisi hodari. Walichokuwa wakikabiliana nacho hakikuweza kumalizwa kwa kanuni bora ya kuchagua ukurasa, kwa sababu chumba chenyewe kilikuwa kidogo.

Ndipo ikaja miaka ya kazi ya subira, isiyo na mbwembwe, ambayo mimi naihesabu kuwa miongoni mwa kazi za heshima kubwa katika historia ya programu huria. Arcangeli aliandika njia ya kuyapeleka majedwali ya kurasa kwenye kumbukumbu ya juu. Jens Axboe aliirekebisha safu ya diski ili data isafirishwe kutoka juu bila kunakiliwa, na kazi hiyo ikaingia katika mfululizo wa 2.5. Katika mfululizo huohuo zikaja kurasa kubwa: badala ya vipande vya KB 4, hifadhidata ingeweza kutengewa kurasa za MB 2 chini ya PAE. Rudia hesabu ya eneo la GB 2: kurasa 524,288 zinakuwa 1,024, na majedwali yanayokula MB 4 kwa kila mchakato yanashuka hadi KB 8. Msimamizi aliyesanidi idadi sahihi ya kurasa kubwa kabla hifadhidata haijaanza aliokoa seva nzima. Aliyekosea alizifungia kurasa hizo bure, kwa kuwa kumbukumbu iliyotengwa hivyo haitumiki kwa jambo lingine.

Hata hivyo, kila suluhisho lilikuja na deni. Van Riel alileta utaratibu wa kutoka ukurasa halisi kurudi kwa michakato inayoutumia, jambo lililorahisisha sana uamuzi wa kuondoa kurasa. Lakini minyororo ya rekodi iliyohitajika nayo ilikaa chini, na seva zenye michakato mingi zikabanwa upya. Ilibidi kusubiri hadi 2004, katika 2.6.7, ambapo kazi ya Arcangeli na Hugh Dickins iliwezesha kuyafikia majibu yaleyale kwa kupitia maeneo ya kumbukumbu badala ya kurasa mojamoja.

Hatua ya mwisho na ya ujasiri zaidi ilitoka tena kwa Ingo Molnar, ambaye alikuwa katika kampuni ya Red Hat. Julai 2003 alitoa kiraka kilichouvunja mgawo wenyewe wa 3 kwa 1. Programu ilipewa karibu GB 4 zake, kiini kikapewa karibu GB 4 zake, kila kimoja na majedwali yake, pakiachwa kipande kidogo cha pamoja cha kuvukia. Bei yake ilikuwa ileile ambayo mgawo wa awali ulikusudia kuikwepa: kwa kila ombi la programu, na kila kifaa kilipobisha hodi, prosesa ilibadili majedwali na kufuta kache ya tafsiri. Seva ikawa nzito zaidi, ila haikufa. Red Hat Enterprise Linux 3, iliyotoka mwishoni mwa mwaka huo, ilikuja na kiini maalumu cha aina hii kwa seva zenye zaidi ya GB 16. Kiraka hicho hakikuingia kwenye kiini rasmi cha Torvalds, na mwenye seva alipaswa kupima: je, kazi yangu inakufa kwa kukosa nafasi, au inakufa kwa kukosa kasi?

Wakati huohuo mlango wa kutokea ulikuwa umeshafunguliwa. Kampuni ya AMD ilikuwa imetangaza mpango wa kuipanua familia ileile ya prosesa hadi biti 64 bila kuzitupa programu za zamani. Wahandisi wa SuSE, Andi Kleen miongoni mwao, waliihamishia Linux huko kwa kutumia programu ya kuigiza prosesa, hata kabla chipu haijatengenezwa. Tarehe 22 Aprili 2003 prosesa hiyo ya AMD, Opteron, ilipozinduliwa, Linux ilikuwa tayari. Anwani pepe zilifika biti 48, yaani TB 256. Kiini kiliweza tena kuunganisha kumbukumbu halisi yote moja kwa moja, kama siku za MB 4, na kanda ya juu ikatoweka. Mwaka 2004 Intel nayo ikaufuata mfumo huo. Mashine za biti 32 zilizobaki kazini zilipata nafuu yao mwaka 2006, pale toleo la 2.6.16 lilipomruhusu anayesanidi kiini kuchagua mgawo mwenyewe, ikiwemo 2 kwa 2 na 1 kwa 3.

Mtu angedhani kiraka cha Molnar kimezikwa. Januari 2018 ulimwengu ulitangaziwa udhaifu wa Meltdown: katika prosesa nyingi za Intel, programu ingeweza kusoma siri za kiini kwa kuwa kiini kimeunganishwa ndani ya eneo la programu. Dawa, iliyokuwa imetayarishwa kutokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz huko Austria, ilikuwa kuyatenganisha majedwali ya kiini na ya programu. Wazo lilikuwa lilelile la 2003, safari hii kwa ajili ya usalama, na gharama yake ilikuwa ileile ya kubadili majedwali kila mara, ingawa prosesa mpya zina njia ya kupunguza ufutaji wa kache. Molnar alikuwa miongoni mwa walezi wa sehemu hiyo ya kiini walioiingiza dawa hiyo katika 4.15. Kazi iliyokataliwa mlangoni miaka kumi na tano kabla iliwaachia watu ujuzi uliohitajika usiku wa hatari.

Kumbukumbu ya GB 64 kwa biti 32 iliondolewa rasmi kwenye kiini cha Linux mwaka 2025. Lakini hesabu ya kurasa haikuondoka. Leo rekodi ya ukurasa mmoja kwa kawaida ni baiti 64. Seva yenye TB 1 ina kurasa 268,435,456 za KB 4, na rekodi zake zinachukua GB 16, sawa na kumbukumbu nzima ya seva zilizowatesa wasimamizi wale. Tofauti ni kwamba sasa hiyo ni gharama, si ukuta. Ndiyo maana kazi inaendelea: tangu 2021, toleo la 5.14 linaweza kurudisha sehemu kubwa ya rekodi za kurasa kubwa zilizotengwa, na tangu 2022 Matthew Wilcox na wenzake wanakibadilisha kiini ili kihesabu mafungu ya kurasa badala ya ukurasa mmojammoja.

Kwa hiyo anayepokea seva yenye mamia ya gigabaiti na kukimbilia kuwasha hifadhidata ana maswali ya kujibu kwanza. Majedwali ya kurasa yatakula kiasi gani kwa michakato yote niliyopanga kuiendesha? Nitenge kurasa kubwa ngapi, na je, idadi hiyo inalingana na eneo ambalo hifadhidata inalishika kweli? Kiini chenyewe nimekiachia nafasi gani? Linux inatoa majibu mengi wazi, katika faili kama /proc/meminfo, kwa sababu kizazi kilichobanwa ndani ya MB 896 kilijifunza kwa shida kwamba jumla ya kumbukumbu peke yake haimwambii msimamizi lolote. Kuzisoma takwimu hizo kabla ya kubadili mpangilio hata mmoja ndiko kuheshimu kazi yao, na ndiko kunakoilinda seva.